Dohani ya Nyumba: Utajuaje Kwamba Yataka Kusafishwa?

Mwezi wa Julai ukifika, wakaaji wa Limuru, Kinangop, Molo na Timboroa hawana haja ya kuambiwa kwamba majira ya baridi yamewadia. Ukungu hushuka kabla jua halijachwa, nguo zilizoanikwa asubuhi huanuliwa jioni zikali mbichi, na juu ya mapaa ya nyumba za mawe moshi huanza kupanda polepole. Huko Timboroa, ambako reli yapita mahali palipo kiasi cha futi 9,000 juu ya bahari, baridi ya usiku haina mzaha. Katika nyumba za sehemu hizo moto wa sebuleni si jambo la fahari, bali ni blanketi la jamaa nzima.

Lakini moto huo una njia ya kutolea moshi wake, nayo ni dohani. Wengi huutunza moto wenyewe vizuri sana. Hupasua kuni, huzoa majivu, huweka kiberiti mahali pakavu. Dohani hawaitazami hata siku moja, mpaka siku ile inapokataa kazi. Nayo hukataa kwa namna tatu. Huurudisha moshi chumbani. Au hushika moto yenyewe ndani kwa ndani, hata cheche zikaangukia paa. Au hunyamaza kimya, ikawaachia waliolala hewa yenye sumu isiyoonekana kwa macho wala kunusika kwa pua. Namna ya kwanza ni usumbufu tu. Hizo mbili nyingine zaweza kuwamaliza watu wa nyumba.

Kila aliyewahi kusoma usiku kwa taa ya mafuta aijua chimni ya kioo. Utambi ukipandishwa kupita kiasi, kioo huingia weusi kwa dakika chache, na mwanga hupotea. Hapo mtu huizima taa, huingoja ipoe, huitoa chimni na kuipangusa kwa kipande cha gazeti. Hakuna afanyaye mashauri juu ya jambo hilo, maana weusi auona kwa macho yake. Dohani ya nyumba si kitu kingine ila chimni kubwa ya matofali au mawe. Tofauti ni hii tu, kwamba ukuta wake hauonyeshi kilicho ndani, na kwa hiyo yampasa mwenye nyumba kukijua kwa dalili.

Ujuzi wa dalili hizo haukurithiwa na watu wengi, na sababu yake si ya kuona haya. Nyumba ya mviringo ya zamani haikuwa na dohani. Moto uliwaka katikati ya mafiga matatu, na moshi ulijitafutia njia katika majani ya paa. Ulikuwa na kazi zake: uliyakausha majani yasioze upesi, uliwafukuza wadudu, ukahifadhi nafaka iliyowekwa darini. Masizi yalining'inia kama nyuzi nyeusi, wala hakuna aliyeyahesabu kuwa ni uchafu. Hasara ilikuwa katika macho na vifua vya akina mama, na hasara hiyo bado yaendelea katika majiko mengi yasiyo na njia ya moshi.

Nyumba za mawe zenye meko ya ukutani zililetwa na walowezi wa Kizungu, nao walizijenga kwa mfano wa kwao, nyingine zikaezekwa kwa vigae vya mbao ya mwerezi. Tangu mwaka 1962, ulipoanza mpango wa kuwagawia Waafrika ekari milioni moja za mashamba hayo, nyumba nyingi zilipata wenyewe wapya. Walikabidhiwa funguo, hati za shamba, na pengine meza ya kulia chakula. Habari za dohani hawakuambiwa, na mara nyingi yule aliyeondoka hakuwa na la kuwaambia. Aliyeujua moto wa nyumba hiyo hakuwa bwana aliyenyoosha miguu mbele yake baada ya chakula. Alikuwa mtumishi aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuuwasha, akajua ni upepo gani unaorudisha moshi na ni mwezi gani masizi huanza kudondoka. Mtumishi huyo hakuulizwa, naye alikwenda zake na elimu yake.

Yafaa basi kufahamu kwanza jinsi masizi yanavyotokea. Kuni zikiungua sawasawa, kwa moto mkali na hewa ya kutosha, moshi wake huwa mwepesi na uchache. Kuni mbichi haziungui hivyo. Mti uliokatwa jana waweza kuwa na maji kadiri ya nusu ya uzito wake, na moto hupoteza nguvu zake katika kuyachemsha maji hayo kabla ya kumpa mtu joto lolote. Moshi utokao hapo ni mzito na wa vuguvugu. Hupanda kwa uvivu, na ukikutana na ukuta wa dohani ulio baridi, hasa karibu na ncha yake, hugeuka kuwa majimaji, kama vile mvuke wa uji unavyogeuka matone chini ya kifuniko cha sufuria. Majimaji hayo ni aina ya lami, nayo huitwa kreosoti.

Mwanzoni uchafu huo ni vumbi jeusi, laini kama unga, nao hutoka kwa kupitishwa burashi mara moja. Ukiachwa, huwa magamba makavu yenye vitundu, yanayovunjika mkononi kama ukoko wa ugali. Ukiachwa zaidi, na moto wa moshi ukiendelea kuwashwa, magamba yale hufunikwa kwa ngozi ngumu, nyeusi, inayong'aa kama kiatu kilichopakwa rangi. Hii ndiyo hatari kuliko zote. Burashi haiitoi, maji hayaiyeyushi, na ikishika moto huwaka kama mafuta.

Watu husema kwamba ni kuni za msonobari ndizo zinazoharibu dohani kwa sababu ya utomvu wake. Neno hilo lina chembe ya ukweli, lakini limewadanganya wengi. Msonobari uliokauka vizuri, ukachomwa kwa moto uliochangamka, huchafua dohani kidogo kuliko mti mgumu uliochomwa ungali mbichi. Aliyekata mikaratusi au miwati yake mwezi wa Mei, kisha akaanza kuichoma Juni, anajitengenezea lami, hata kama miti hiyo yasifiwa na kila mtu. Kuni zataka kupasuliwa na kupangwa penye upepo, chini ya paa, miezi 6 kwa uchache, na mahali penye ukungu mwingi mwaka mzima au zaidi. Kuni kavu hujulikana: vichwa vyake vina nyufa, ganda lake huachana na mti, na magogo mawili yakigonganishwa hulia kwa sauti kali. Mbichi hutoa mlio wa kufa, kama kugonga kiazi.

Sasa dalili zenyewe. Ile ijulikanayo na wote ni moshi kurudi chumbani. Lakini hapa pana haja ya busara, kwa maana moshi hurudi kwa sababu nyingi, na si kila mara dohani ni chafu. Mara nyingine dohani ni baridi tu. Ikiwa haikuwashwa moto kwa wiki kadhaa, hewa baridi hukaa ndani yake kama kizibo katika chupa, na moshi wa kwanza hushindwa kuisukuma. Dawa yake ni rahisi: gazeti moja huwashwa na kuinuliwa karibu na koo la dohani mpaka uvutaji uanze, ndipo kuni zinapowashwa. Mara nyingine chumba chenyewe kimezibwa mno. Ili moshi utoke, lazima hewa nyingine iingie. Na mtu aliyeziba kila ufa kwa matambara kwa hofu ya baridi ameinyima dohani yake pumzi. Hilo hujulikana kwa kufungua dirisha kidogo. Moshi ukitii mara hiyo, kosa si la dohani. Tena kuna upepo, na kuna miti iliyopandwa ikiwa midogo, leo imeipita paa kwa urefu na kuusukuma upepo chini katika mdomo wa dohani.

Lakini kama dirisha limefunguliwa, dohani imepata joto, upepo umetulia, na moshi ungali unarudi, na kama mwaka uliopita haukufanya hivyo, basi njia imekuwa nyembamba. Neno la maana hapo ni mabadiliko. Dohani iliyojengwa vibaya hurudisha moshi tangu siku ya kwanza, nayo ni ugonjwa wa mwashi. Dohani iliyofanya kazi vizuri miaka mingi, kisha ikaanza kukohoa, inao uchafu ndani, au kiota, au tofali lililoanguka. Kwa hiyo yampasa mwenye nyumba kuukumbuka moto wake jinsi ulivyokuwa. Kama zamani vijiti vichache na karatasi viliuwasha, na leo wataka mtu wa kuupepea nusu saa nzima. Kama ndimi zake zamani zilisimama wima na leo zalala kwa uvivu, rangi yake ikiwa ya machungwa yenye giza, moto wenyewe unatoa habari.

Dalili ya pili ni harufu, nayo huja wakati ambapo moto haupo kabisa. Mvua za Machi na Aprili zinapoanza, unyevu huingia katika dohani na kuyalowesha masizi ya mwaka uliopita, na sebule hunuka kitu kilicho kati ya lami na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Wengi huyalaumu mazulia, au paka. Ikiwa harufu huzidi siku za mvua na karibu na meko, mazulia hayana hatia.

Kadhalika masizi yenyewe huanza kuanguka. Asubuhi, juu ya majivu meupe ya jana, huonekana chembe nyeusi au magamba madogo ambayo hayakuwapo usiku. Magamba hayo yastahili kuokotwa na kutazamwa. Yakisagika kuwa unga katikati ya vidole, jambo halijawa baya sana. Yakiwa magumu, yenye upande mmoja unaong'aa, moto usiwashwe tena mpaka fundi aitwe. Tena utazamwe ukuta ulio juu ya meko. Weusi unaopanda kutoka mdomo wa meko kuelekea dari ni njia ya moshi uliokosa njia yake. Doa la rangi ya chai linalotokea katika lipu ya dohani, pengine katika chumba cha kulala inamopita, ni baya kuliko huo, kwa sababu laonyesha kwamba majimaji ya lami yamepenya ukuta, na palipopita lami, moto na sumu vyaweza kupita.

Masikio nayo yana kazi. Ndege hupenda dohani isiyotumika, na nyuki huipenda zaidi. Ni pakavu, ni pa giza, na hapana anayewasumbua. Mwenye nyumba asikiaye mvumo usiokoma nyuma ya ukuta wa sebule asifikiri kuwatoa kwa moshi. Nta na asali ni vitu vinavyowaka, na nyuki waliofukuzwa juu wakizuiwa watashuka chini, walipo watoto. Wajuzi wa mizinga hupatikana, nao waitwe kwanza.

Katika nyumba nyingi za siku hizi hakuna meko ya ukutani, bali liko jiko la chuma lenye bomba la bati lipitalo paani. Bomba hilo ni dohani kama dohani nyingine, ila ni jembamba zaidi, hupoa upesi zaidi, na kwa hiyo huziba upesi zaidi. Mahali pabaya ni katika kona, pale bomba linapojipinda ili lipite ukutani. Likiwa baridi, bomba lagongwa taratibu kwa kijiti toka chini hata juu: palipo safi hulia kama debe tupu, palipojaa hutoa mlio wa kubanwa. Tabia iliyo mbaya kuliko zote kwa majiko hayo ni ile ya kulijaza magogo usiku na kufunga tundu la hewa, ili moto ukae mpaka asubuhi. Moto hukaa kweli, lakini hukaa ukitoa moshi mzito usiku kucha, na usiku mmoja wa namna hiyo huweka lami nyingi kuliko jioni kadhaa za moto mchangamfu.

Hata hivyo dalili zote hizo ni kama kubisha hodi. Hukumu hupatikana kwa kutazama. Moto uwe umezimika tangu jana, majivu yamezolewa, na kilango cha chuma, kama kipo, kimefunguliwa. Mtu huweka kioo kidogo ndani ya meko, hukielekeza juu, akamulika kwa kurunzi. Dohani isiyo na kona huonyesha anga mwishoni mwake kama sarafu nyeupe. Ikiwa sarafu hiyo ina mdomo ulioliwa upande mmoja, au haionekani kabisa, sababu itafutwe. Kisha huchukua msumari mrefu akakwaruza ukuta juu kidogo ya koo. Alama iachwayo na msumari ndiyo kipimo. Ikiwa unene wa masizi wafikia moja ya nane ya inchi, yaani milimita 3, wakati wa kusafisha umefika. Ikiwa wafikia robo ya inchi, moto usiwashwe hata mmoja. Na ngozi ile ing'aayo haingojewi kupimwa unene. Kuonekana kwake kwatosha.

Kutazama ndani ya dohani kwaweza kuonekana kazi ndogo. Katika Uingereza, ambako mfano wa nyumba hizi ulitoka, kazi hiyo iliwaua watoto kwa miaka mingi. Dohani za London zilijengwa nyembamba na zenye kona, na mabwana wa kusafisha dohani waliwatumia watoto wadogo, wengine maskini na mayatima, kupanda ndani kwa magoti na viwiko, wakikwangua masizi juu ya vichwa vyao. Mwaka 1775 tabibu aitwaye Percivall Pott aliandika kwamba wasafisha dohani walipatwa na ugonjwa wa saratani kwa sababu ya masizi yaliyoganda katika ngozi zao, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa saratani kuhusishwa waziwazi na kazi ya mtu. Mwaka 1803 George Smart alikuwa amekwisha kutengeneza burashi yenye fito za kuunganishwa, iliyoweza kufanya kazi ya mtoto. Bado watu wenye nyumba nzuri walipendelea mtoto, wakisema burashi yachafua mazulia. Sheria zilitungwa mwaka 1834, na 1840, na 1864, zikapuuzwa. Mwaka 1875, baada ya mvulana mmoja kukwama katika dohani ya hospitali karibu na Cambridge na kufa, ndipo sheria yenye meno ilipotokea. Burashi itumiwayo na mafundi hata leo ni ya ukoo ule ule.

Wengine hutafuta kujiokoa kwa kalenda. Kusafisha mara moja kwa mwaka, mwezi wa Aprili au Mei kabla ya baridi, ni desturi njema, na dohani itazamwe kila mwaka hata kama haikutumika sana. Lakini kalenda haioni ndani ya ukuta. Fundi akifika na fito zake, mara nyingi mambo huwa hivi:

“Lakini mzee, dohani hii ilisafishwa mwaka jana tu,” mwenye nyumba humwambia.

“Vema, mama. Na tangu mwaka jana mmechoma kuni gani?”

“Zile za mikaratusi tuliyoikata kando ya mto.”

“Mliikata lini?”

Hapo mama hunyamaza akihesabu, na fundi huanza kutandika magunia mbele ya meko bila kungoja jibu. Nyumba iwashayo moto wa kuni kavu siku za Jumapili tu yaweza kumaliza mwaka bila neno. Nyumba yenye mgonjwa au mtoto mchanga, ambamo moto hauzimwi mchana wala usiku, yaweza kutaka burashi mara mbili katika majira mamoja ya baridi.

Asiyezisikiliza dalili huja kuisikia dohani yenyewe. Lami ikishika moto, hutokea ngurumo nzito kama gari moshi linalopita karibu na nyumba, bomba la jiko hutetemeka na kuwa jekundu, na kwenye ncha ya dohani ndimi za moto na cheche hutoka kama katika tanuri la mhunzi. Joto la ndani laweza kupita digrii 1,000 za Selsiasi. Matofali hupasuka, na nyumba iliyoezekwa kwa vigae vya mbao ina dakika chache tu. Watu wote watolewe nje mara moja, kisha wazima moto waitwe. Katika Kenya namba za hatari ni 999 na 112. Kama kuna nafasi, tundu la hewa la jiko na mlango wake vifungwe, na moto wa mekoni ufunikwe kwa mchanga au majivu. Maji yasimwagwe ndani ya dohani iliyo katika joto hilo, kwa maana ukuta utapasuka na mvuke utamrudia mmwagaji. Tena wako wanaosimulia kwa kujisifu kwamba wao huiwasha dohani kwa makusudi kila mwaka ili masizi yaungue. Wenye desturi hiyo bado hawajaona ufa uliofunguka nyuma ya lipu, karibu na boriti za paa. Na dohani iliyowahi kuwaka, hata kama imezimika yenyewe na yaonekana nzima, isitumike tena kabla haijakaguliwa.

Limebaki lile jambo la kimya. Moto usiopata hewa ya kutosha hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikivutwa kifuani hushikamana na damu kwa nguvu kupita mara 200 ya oksijeni, hata damu ikakosa nafasi ya kuichukua hewa njema. Dohani iliyoziba huibakiza hewa hiyo chumbani. Dalili zake zafanana na homa au uchovu: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Inapowapata wote wa nyumba kwa wakati mmoja, na wakitoka nje hupata nafuu, na wakirudi ndani huumwa tena, isisemwe kwamba ni malaria. Moto uzimwe, milango ifunguliwe, na watu wapelekwe hospitali. Wakati wa baridi, vifo vya namna hii huja hasa kwa jiko la makaa lililoingizwa katika chumba cha kulala. Makaa mekundu hayatoi moshi, na kwa hiyo mtu hudhani kuwa ni salama, akafunga dirisha, akajifunika. Jiko hilo halina dohani yoyote, na chumba kizima ndicho dohani yake.

Kusafisha kwenyewe si kazi ya mchana mzima. Fundi huziba mdomo wa meko kwa gunia lenye tundu, hupitisha burashi yenye ukubwa wa dohani, na kuongeza fito moja baada ya nyingine mpaka mtu aliye nje aione ikichomoza juu. Mwenye kupanda paani akumbuke kwamba vigae vya mbao vyenye kuvu huteleza hata siku ya jua. Masizi yaliyozolewa huwekwa ndani ya debe lenye kifuniko, mbali na nyumba, maana cheche huweza kuishi ndani yake. Katika Uingereza ya zamani wakulima waliyanunua kwa magunia ili kurutubisha mashamba, hata bwana wa dohani akapata faida mara mbili kwa kazi moja.

Kabla hajashuka, fundi hufunga wavu wa waya juu ya mdomo wa dohani, wenye matundu mapana kiasi cha kupitisha moshi na membamba kiasi cha kumzuia ndege. Wavu huo nao hushika masizi, tena kuliko mahali pengine pote, kwa kuwa ndio ulio baridi zaidi. Ukiona moshi umeanza kurudi miezi michache tu baada ya dohani kusafishwa, mwambie fundi aanzie huko juu.